UZI: Jifunze kickboxing kidogo kabla ya kwenda kuangalia MMA ukumbini

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna maswali mawili yanayojirudia sana kuhusu kickboxing (mchezo wa ngumi na mateke) na MMA (mapigano mseto ndani ya kizimba: ngumi, mateke, mieleka na kukabana). La kwanza: "Nataka kuanza kickboxing, nianzie wapi?" La pili: "Nataka kwenda kuangalia MMA laivu, inafaa kulipia kiingilio au nibaki na televisheni yangu?" Nimeamua kuyajibu pamoja, kwa sababu kwa ninavyoona mimi jibu lake ni moja. Mtu akishakula teke la paja mazoezini, akafundishwa namna ya kulikinga, siku akiingia ukumbini ataona mambo ambayo aliyekaa kiti cha jirani hayaoni. Uzi ni mrefu, vuteni viti.

Naanza na miguu. Mgeni huwa na haraka ya kurusha mikono, na mwalimu mzuri humnyima kwanza. Humsimamisha: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, upana kama wa mabega, kisigino cha nyuma kimenyanyuka kidogo, magoti yamelegea, kidevu kimeshuka, mikono juu. Kisha humtembeza mbele, nyuma, kushoto, kulia, bila miguu kukutana wala kupishana. Zoezi hili linachosha, na wengi huacha mazoezi wakiwa bado hapa. Lakini kila ngumi na kila teke hutoka humo. Ukirusha teke huku miguu imekutana, hata kusukumwa kidogo kunatosha kukulaza chini.

Teke la kuzungusha ndilo watu hulitamani zaidi, na wengi hudhani nguvu yake iko kwenye goti, kama anayepiga mpira. Nguvu iko kwenye nyonga. Kazi kubwa inafanywa na mguu unaobaki chini: unapiga hatua ndogo ya pembeni, unasimama kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kinageuka kumwelekea mpinzani, nyonga inafunguka, na mguu wa teke unafuata wenyewe. Kinachopiga ni ugoko. Unyayo una mifupa midogo midogo, na kuipigia kiwiko au goti la mtu ni kutafuta bandeji ya plasta. Mkono wa upande wa teke unashuka kwa nguvu ili mwili usipoteze mizani, mkono mwingine unabaki shavuni. Huo mkono wa shavuni ndio unaowakausha walimu sauti, kwa sababu kila mwanafunzi anausahau.

Sasa kukinga. Unanyanyua goti, unageuza ugoko nje kidogo, teke linagonga mfupa badala ya nyama ya paja. Ukiangalia tu kwenye televisheni unaweza kudhani mtu kanyanyua mguu bila sababu. Ukishawahi kupiga teke lako likakutana na ugoko uliokaa sawasawa, hutauliza tena. Desemba 2013, kwenye UFC 168 (UFC ni shirika kubwa la mapambano ya MMA), Anderson Silva alimpiga Chris Weidman teke la chini, Weidman akalikinga, na mguu wa Silva ukavunjika palepale. Aprili 2021 Weidman huyohuyo alifungua pambano lake na Uriah Hall kwa teke la chini, Hall akalikinga, na safari hii mguu wa Weidman ndio uliovunjika, sekunde ya 17 ya raundi ya kwanza. Kukinga ni silaha kamili, na ndiyo ninayoitafuta kwa macho kabla ya ngumi yoyote.

Nitaendelea na habari za ukumbini chini. Maswali karibuni.

#2 – Mchangiaji

Mkuu asante kwa uzi. Mimi ni mwanamke, nina miaka thelathini na kitu, sijawahi kugusa mchezo wowote wa mapigano. Ninachoogopa ni sparingi, yaani yale mapambano ya mazoezi. Lazima nipigwe kichwani ndipo nijue?

#3 – Mleta uzi

Karibu sana dada. Hapana, si lazima, na hakuna mwalimu mwenye akili anayemwingiza mgeni kwenye sparingi nzito. Utakaa muda mrefu na kivuli chako kwenye kioo, begi, na padi ambazo mwenzako amekushikia. Kwenye padi ndipo utakapojifunza zaidi, kwa kupiga na kwa kushika. Anayeshika padi anajifunza kuona teke likianzia begani na nyongani mwa mpigaji, kabla mguu haujaondoka chini.

Ukifika wakati wa sparingi, kuna ile ya kiufundi: mnagusana tu, kasi ndogo, kila mtu anajaribu alichofundishwa. Wengi hawavuki hapo maisha yao yote na wanakuwa wazuri kweli. Angalia gym inayofanya sparingi yake. Ukikuta wakongwe wanawaponda wageni na mwalimu anacheka, toka, tafuta kwingine.

Jambo la kichwa nalisema bila kupunguza ukali. Kofia ya mazoezi inapunguza michubuko na kupasuka, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Ukipigwa ukasikia kizunguzungu, kichefuchefu, ukungu machoni au kichwa kinauma, siku hiyo umemaliza. Usirudi ulingoni hata kama unajisikia "niko sawa", na umwone daktari. Kinga ya meno vaa kila mara mnapofanya zoezi la wawili, hata lile jepesi.

Jambo jingine, achana na wanaokuambia ujigonge ugoko kwa chupa au gongo ili ukomae. Mfupa hukomaa polepole kwa kubeba mzigo unaoongezeka kidogo kidogo, na begi linatosha kwa kazi hiyo. Chupa itakuachia uvimbe.

#4 – Mchangiaji

Wengi tunachanganya kickboxing na Muay Thai. Gym zingine zinaandika yote mawili mlangoni. Tofauti ni nini hasa?

#5 – Mchangiaji (mwalimu)

Naomba nijibu hili, ndilo ninalofundisha.

Kickboxing ni jina linalobeba sheria kadhaa. Kuna ile ya full-contact iliyokulia Marekani miaka ya 1970, mateke ni kuanzia kiunoni kwenda juu, teke la paja hakuna. Kuna ya low-kick, paja linaruhusiwa. Kuna ya K-1, jina la mashindano yaliyoanza Tokyo mwaka 1993: ngumi, mateke, magoti, ila viwiko hapana na kukumbatiana kunakatishwa haraka na mwamuzi. Mapambano ni raundi 3 za dakika 3. Muay Thai ya Thailand inaruhusu viwiko, na kukamatana shingo ni sehemu kubwa ya mchezo: unamvuta mpinzani, unampiga magoti, unamtupa chini. Kwa desturi ni raundi 5.

Waholanzi nao walichukua mateke ya Wathai na karate ya Wajapani, wakaongeza ngumi za ndondi. Mtindo wao unautambua mara moja: ngumi tatu nne juu, mikono ya mpinzani ikishapanda kujificha, teke zito linamalizia pajani. Ernesto Hoost alishinda ubingwa wa dunia wa K-1 mara nne akiwa na kazi hiyo. Kwa mgeni huu ndio mtindo ninaoanza nao, kwa sababu unamfundisha kufunga ngumi na teke katika pumzi moja.

Kwa hiyo ukifika gym, uliza mnafanya kwa sheria zipi. Mwalimu asiyeweza kukujibu hilo ana maswali ya kujibu.

#6 – Mleta uzi

Mwalimu, ubarikiwe. Umenirahisishia kuingia kwenye MMA.

Mwaka huohuo wa 1993, tarehe 12 Novemba, ndipo UFC ya kwanza ilipofanyika Denver. Waliotoka kwenye ngumi na mateke walipata somo kali, maana Royce Gracie, Mbrazili wa jujitsu (mchezo wa kukabana chini), aliwaangusha wapinzani wake mmoja mmoja na kuwamaliza chini. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo watu wengi waliamini mpiga mateke hana chake ndani ya kizimba. Aliyenibadilisha mimi ni Maurice Smith, bingwa wa kickboxing aliyepangiwa kupigana na Mark Coleman mnamo Julai 1997. Coleman alikuwa mwanamieleka wa hatari kubwa na alimwangusha Smith kama kila mtu alivyotabiri. Smith hakuogopa. Alijilinda akiwa chini, akangoja pumzi ya Coleman ikate, akasimama, akaanza kumkata mapaja kwa mateke. Akaondoka na mkanda wa uzito wa juu kwa uamuzi wa majaji. Ukitaka kuelewa kwa nini leo kila mpiga mateke anajifunza mieleka ya kujihami, anza na pambano lile.

Ndani ya kizimba ufundi wa ngumi na mateke haubadiliki, bali gharama zake ndizo zinazobadilika. Kwenye kickboxing glovu ni za aunsi 8 au 10, unaweza kujifunika nyuma yake kama ukuta. Kwenye MMA ni takriban aunsi 4 na vidole viko wazi, ngumi inapenya katikati ya mikono. Ndiyo maana utawaona wamesimama mbali zaidi. Halafu teke linaweza kudakwa, na likidakwa umeshakaa chini. Kwa hiyo wanarusha moja moja, wanatanguliza chenga ya bega au ya nyonga, na wengi wanasimama kwa miguu iliyotanuka zaidi ili wasibebwe kirahisi.

Huko kutanuka nako kuna bei. Mguu wa mbele ukibeba uzito mwingi huwezi kuunyanyua haraka, na hapo ndipo lile teke la shavu la mguu, chini kidogo ya goti, linapofanya maafa. Upande wa nje pale kuna neva iliyo karibu sana na ngozi. Ikigongwa vizuri, unyayo unakosa nguvu ya kunyanyuka na mtu anatembea kama anaburuta mguu usio wake. Januari 2021 Dustin Poirier alimpiga Conor McGregor mateke hayo tangu raundi ya kwanza, mguu ukaanza kukataa, na ya pili ngumi zikamaliza kazi. Waliokuwa wanaangalia mikono peke yake walisema McGregor kapigwa ngumi. Ngumi zilikuta mtu ambaye hana tena mguu wa kumtoa pale.

#7 – Mchangiaji

Mkuu nakubali ya miguu, lakini kwa ukweli MMA wanalala sana chini. Nilipe kiingilio niende kuangalia watu wawili wamekumbatiana dakika tano? Bora kickboxing kavu.

#8 – Mleta uzi

Ndugu yangu, hapo tunaachana, na nitakueleza kwa nini.

Ukiwa ukumbini hakuna mtangazaji wa kukuambia nini kinaendelea, ila kuna sauti. Ukikaa mahali pazuri unasikia kona, yaani walimu wa kila mpiganaji, zikiita: "Nyonga! Mkono ndani! Usimpe mgongo!" Unaanza kuona kwamba aliye juu anapigania kitu kimoja na aliye chini anapigania kingine. Aliye chini anataka nyonga zake zitoke pembeni ili apate nafasi ya kuinuka, au anatafuta kushika kifundo cha mkono ili ngumi zisishuke. Aliye juu anataka kifua chake kizibe pumzi ya mwenzake na goti lake livuke mguu mmoja. Vita ni ya sentimita chache. Yule akigeuka tu na kuonyesha mgongo, mkono unaingia chini ya kidevu, kabali ya nyuma imefungwa, na ama agonge kukubali au alale usingizi. Televisheni inakuonyesha kabali, lakini dakika nzima ya kuisaka huwa inazibwa na maneno ya mtangazaji.

Zaidi ya hapo, ile hofu ya kuangushwa ndiyo inayoyafanya mateke yawe na akili. Chukua pambano la pili la Leon Edwards na Kamaru Usman, Agosti 2022, Salt Lake City. Raundi ya 5, chini ya dakika moja imebaki, Edwards yuko nyuma kwa pointi za majaji wote. Akaonyesha ngumi ya kushoto, Usman akaifuata kwa mkono na kuinamisha kichwa pembeni, na teke la juu la kushoto likamkuta kichwa kilipokuwa kinakwenda. Aliyejifunza mateke akiangalia marudio ya lile tukio haangalii mguu. Anaangalia ile ngumi ya uongo iliyotangulia.

#9 – Mchangiaji

Nakuunga mkono mleta uzi. Ongeza Alex Pereira na Israel Adesanya. Walikutana mara mbili kwenye kickboxing, Pereira akashinda zote, ya 2017 kwa nokauti. Wakakutana tena UFC, Novemba 2022 Pereira akammaliza raundi ya 5. Watu wakasema basi, huyu ni mwiba wake. Aprili 2023 Adesanya akarudi.

#10 – Mleta uzi

Mkuu umenigusa. Mimi lile la Aprili 2023 nimelirudia kuliko pambano lolote. Raundi ya 2, mguu wa Adesanya umeshaliwa mateke, mgongo uko kwenye wavu, mikono juu, kila mtu anaona anakaribia kwisha. Pereira akaingia kumaliza, akarusha goti na ngumi, na kwa kuingia vile akajifungua. Ngumi ya kulia ya Adesanya ikapita juu ya mkono wake, ikafuata nyingine, na Pereira akaanguka. Sikiliza, wanafunzi: mpigaji akiwa anapiga ndipo anapokuwa wazi. Mwalimu wako anapokukaripia urudishe mkono kidevuni baada ya kila ngumi, anakuambia jambo hilohilo.

Sasa mambo ya ukumbini kwa wanaokwenda mara ya kwanza.

Fika mapema, mapambano ya mwanzo yasikupite. Usiku wa MMA ni mrefu, unachukua saa nyingi, na wengi huingia wakati wa pambano kubwa. Wanakosa vijana wanaopigania jina, na hao hawana cha kulinda, wanakuja na kila walichonacho. Ukumbi ukiwa nusu tupu ndipo utakaposikia teke likitua pajani na pumzi ikitoka puani mwa mpigaji. Ile sauti kipaza sauti hakiwezi kukuletea.

Viti vya chini kabisa vina sifa kuliko vinavyostahili. Sakafu ya kizimba iko juu, nguzo ziko mbele yako, wapiga picha wamesimama, na mapigano yakienda chini upande wa pili utaishia kuangalia skrini. Viti vya kupanda, safu za kwanza kwanza, vinakuonyesha sakafu yote. Kwa anayetaka kuona miguu na umbali, mimi nachagua huko kila mara.

Jilazimishe kuacha skrini kubwa. Shingo inapenda kuifuata yenyewe. Kamera inasogea karibu, inakata mwili, unaona uso na ngumi. Ukiangalia kizimba chenyewe unaona nani anamiliki katikati na nani anazungushwa kando ya wavu, na hapo unajua pambano linaelekea wapi kabla ya mtu kuguswa.

Kati ya raundi kuna dakika moja, usiichezee. Angalia nani kakaa na nani kasimama, nani anapumua kwa mdomo, daktari kaitwa kona gani, na kona inamsugua nani paja.

#11 – Mchangiaji

Na majaji je? Kila mara nasikia watu wanalia wameibiwa.

#12 – Mleta uzi

Kuna wakati kweli majaji wanakosea. Lakini mara nyingi anayelia alihesabu kelele. Raundi za MMA ni 3 za dakika 5, za ubingwa ni 5. Majaji watatu wanatoa alama kwa kila raundi peke yake, mshindi 10, mwingine 9, na akizidiwa vibaya 8. Cha kwanza kinachotazamwa ni madhara: ngumi, mateke na kazi ya chini iliyoleta athari. Nani alikuwa anasonga mbele, nani alimiliki eneo, hivyo vinaingia pale tu ambapo hicho cha kwanza kimelingana. Teke lililotua kwenye mkono wa kinga hupigiwa makofi ukumbi mzima, na halina thamani ya teke la ndani ya paja ambalo hakuna aliyelisikia.

Nenda na karatasi ndogo. Raundi ikiisha andika alama yako kabla jirani hajafungua mdomo. Umati unamshangilia kipenzi chake hata anapopiga hewa, na ni rahisi sana kubebwa nao.

#13 – Mchangiaji (yule dada wa #2)

Nimeanza mazoezi wiki hii, mapaja yananiuma ila nimependa. Na kuna pambano rafiki zangu wananipeleka. Nikikaa pale, kitu kimoja tu cha kuangalia, ni kipi?

#14 – Mleta uzi

Hongera sana dada, nimefurahi mno kusoma hili. Maumivu ya mapaja ni ya kawaida mwanzoni, lala vizuri na usiongeze siku za mazoezi kwa pupa. Wakianza kukuambia ukate uzito ili ushindane, kataa, bado hujafika huko.

Kitu kimoja: angalia miguu ya mbele pale mmoja anapokuwa mashoto na mwingine wa kulia. Miguu yao ya mbele itakuwa inatazamana, na kila mmoja atakuwa anajaribu kuweka wa kwake upande wa nje wa mguu wa mwenzake. Aliye nje, mkono wake wa nyuma una njia iliyonyooka mpaka kidevuni, na yeye mwenyewe ametoka kwenye njia ya mkono wa mwenzake. Utawaona wanakanyagana, wanasogea nusu hatua, wanarudi, dakika nzima bila kurusha kitu, na watu watazomea. Wewe usizomee. Hesabu nani ameupata ule upande wa nje mara nyingi zaidi, kisha uje utuambie humu nani aliangushwa na kwa mkono gani.